Ukarabati wa minikompyuta za PDP-8

Ukarabati wa PDP-8 ni kazi ya kutambua, kusafisha na kufufua minikompyuta za PDP-8, zilizotengenezwa na kampuni ya Digital Equipment Corporation (DEC) ya Maynard, Massachusetts, nchini Marekani. Ya kwanza ilitolewa mwaka 1965 kwa bei ya dola 18,000. Ilitumia maneno ya biti 12, na kumbukumbu yake ya msingi ilikuwa ya maneno 4,096.

Utambuzi

Jina lililo kwenye paneli ya mbele halitoshi, kwa sababu paneli inaweza kuhamishwa kutoka mashine moja kwenda nyingine. Ushahidi bora uko ndani. PDP-8 ya kwanza na PDP-8/S ya mwaka 1966 zilijengwa kwa transista na dayodi moja moja. PDP-8/I ya mwaka 1968 ilitumia chipu za TTL. Katika PDP-8/E ya mwaka 1970 bodi huchomekwa kwenye njia ya pamoja inayoitwa Omnibus. Zikionekana bodi zenye namba M8300, M8310 na M8330, hiyo ni prosesa ya 8/E au ndugu zake 8/F na 8/M.

Herufi ya mwanzo wa namba ina maana. Bodi za R hutumia ishara za volti 0 na -3, ilhali bodi za M hutumia volti chanya za TTL. Vipini vya plastiki vina rangi zinazofuata herufi: R ni vyekundu, M ni vya majenta. Rangi hizo mbili hukaribiana, kwa hiyo ni afadhali kusoma namba. Mashine za zamani zaidi zina nyaya za volti -15, na chipu ya TTL ikifikiwa na umeme huo huungua.

Kuwasha

Kosa kubwa ni kuichomeka mashine ukutani ili kuona kama bado ni nzima. Kapasita za elektroliti zilizokaa miaka mingi bila umeme zinaweza kuvujisha mkondo, kupata moto au kupasuka. Kwanza bodi zote hutolewa, na kila moja huandikiwa mahali ilipokuwa. Kisha pawa saplai hupimwa peke yake ikiwa na mzigo, kwa mfano balbu, huku volti zikiongezwa polepole kwa transfoma ya kurekebishika. Volti za ukutani nazo zikaguliwe, kwani mashine zilizouzwa Marekani hutumia 115.

Haraka ina hasara nyingine. Kumbukumbu ya mashine hizi ni vipete vidogo vya sumaku vilivyofumwa kwa nyaya, navyo hutunza data bila umeme. Programu ya mwisho kuendeshwa inaweza kuwa bado imo, pengine bila nakala popote. Lakini kusoma kipete hufuta kilichomo, na saketi hulazimika kukiandika upya papo hapo. Saketi hiyo ikiwa mbovu, usomaji wa kwanza ndio wa mwisho. Kwa sababu hiyo baadhi ya mafundi huweka kando bodi za kumbukumbu na kuanza na nyingine.

Jaribio la kwanza huingizwa kwa swichi za paneli: 7001 kwenye anwani 0, na 5000 kwenye anwani 1, zote kwa mfumo wa nane. Amri ya kwanza huongeza 1 kwenye akyumuleta, ya pili hurudi mwanzo. Ikiendeshwa hatua kwa hatua, taa za akyumuleta huhesabu kwa mfumo wa jozi. Taa isiyowaka kamwe huenda ni balbu iliyoungua tu.