SOKO LA MADINI: Kwa nini gramu 10 za Buhemba hazilipwi kama gramu 10

Mchimbaji mdogo anayeshuka Musoma na kipande cha dhahabu kutoka Buhemba, wilayani Butiama, au Kinyambwiga, Bunda, hupimiwa mara mbili. Kwanza uzito, halafu usafi, na usafi ndio unaoamua malipo. Wengi huondoka wakilalamika kuwa wamepunjwa. Wapo waliopunjwa kweli. Lakini mara nyingi kilichokatwa ni uchafu aliokuja nao muuzaji mwenyewe mfukoni.

Hesabu ni hii. Kipande cha gramu 10 chenye usafi wa asilimia 92 kina dhahabu halisi gramu 9.2. Kikiwa na asilimia 80, ni gramu 8 tu. Soko la dunia hunukuu bei kwa wakia moja, yaani gramu 31.1, ya dhahabu safi, na mikuo inayopokelewa London sharti ifikie sehemu 995 katika 1,000. Mnunuzi wa Musoma hawezi kulipia kitu ambacho mbele ya safari hakitalipiwa.

Uchafu wa kwanza ni wa kuzaliwa nao. Dhahabu hutoka ardhini ikiwa imechanganyika na madini ya fedha, ambayo huipausha rangi. Shaba huifanya iwe nyekundu na ngumu zaidi. Risasi ni mbaya kuliko zote kwa sonara: kiasi kidogo sana, hata chini ya asilimia moja, huifanya dhahabu ipasuke inapofuliwa.

Uchafu wa pili tunauweka wenyewe, nao ni zebaki. Baada ya mchanga wa karasha kuoshwa mwaloni, zebaki huokota chembe za dhahabu, kisha donge hukamuliwa kwenye kitambaa na kuchomwa. Zebaki huchemka kwa nyuzi 357 za Sentigredi, dhahabu huyeyuka kwa nyuzi 1,064. Kwa hiyo moto wa kawaida huondoa sehemu kubwa ya zebaki, lakini si yote. Donge linalobaki huwa na vitundu kama sifongo, na ndani yake asilimia 2 hadi 5 hivi ya zebaki huweza kusalia. Muuzaji anaona uzito mzuri kwenye mizani. Mnunuzi akiyeyusha, uzito unashuka na ugomvi unaanza, huku mvuke wa sumu ukijaa kwenye chumba walichosimama wote wawili. Chungu cha chuma kilichofungwa, chenye bomba la kupozea mvuke, hurudisha zebaki itumike tena. Sijui kwa nini mtu anunue zebaki kwa fedha taslimu kisha aiachie ipae.

Kuna hasara nyingine isiyoonekana haraka. Marudio ya mwaloni huuzwa kwa wenye matangi ya sianidi, ambako dhahabu hunaswa na kaboni. Mchanga wenye shaba nyingi hula sianidi, na shaba hiyo hugombea nafasi na dhahabu juu ya kaboni. Mafuta ya mashine nayo huziba vitundu vya kaboni. Mwenye tangi anajua hayo na bei ya marudio huyaweka humo.

Je, upimaji unaaminika? Katika masoko ya madini yaliyoanzishwa kuanzia mwaka 2019 hutumika mashine ya miale ya eksirei. Ni ya haraka, ila husoma tabaka jembamba la juu tu. Kipande kisichoyeyushwa vizuri hutoa jibu moja upande huu na jingine upande ule. Kipimo cha maji nacho kina mantiki: gramu 10 za dhahabu safi zikizamishwa hupungua kwa gramu 0.52, zenye fedha asilimia 20 hupungua kwa gramu 0.6. Donge lenye vitundu hudanganya kipimo hiki. Tangisteni hukidanganya zaidi, kwani uzito wake kwa ujazo unakaribia sana ule wa dhahabu.

Kwa hiyo muuzaji ayeyushe kwanza, mbele ya macho yake na mahali penye hewa, apime uzito baada ya kuyeyusha, kisha adai mashine isome pande mbili au tatu na asilimia iandikwe kwenye stakabadhi. Akiwa na mzigo mkubwa, sampuli ya kupimwa kwa moto maabara hugharimu kidogo kuliko tofauti ya asilimia mbili.