Ekipe yenye makuta kidogo inashindaje? Somo la drafti ya besiboli



Wengi wetu tumeona ile filamu ya Brad Pitt, Moneyball, yenye ilitoka mwaka 2011. Mara mingi tunatokaka pale na wazo moja: ekipe maskini ya Oakland ilishika kompyuta, ikapiga hesabu, ikawatisha matajiri. Hadithi tamu kabisa. Lakini nilipoanza kusoma zaidi juu ya msimu wenyewe, ule wa 2002, nikaona kuko kipande kikubwa chenye filamu imekigusa kidogo tu.

Tuangalie namba kwanza. Mwaka ule Oakland ililipa wachezaji wake karibu dola milioni 40. New York Yankees ililipa karibu milioni 125. Mwisho wa msimu wa mechi 162, zote mbili zilikuwa na ushindi 103. Sawasawa! Sasa ule ushindi wa Oakland ulitoka wapi? Katika besiboli, mtu mwenye anarusha mpira ndiye anabeba mechi mabegani, na ushindi unaandikwa kwa jina lake. Warushaji watatu wa Oakland, Barry Zito, Mark Mulder na Tim Hudson, peke yao waliandikiwa ushindi 57, ni kusema zaidi ya nusu. Na wote watatu Oakland haikuwanunua sokoni. Iliwapata katika drafti, wakiwa vijana bado, ikawakomaza yenyewe.

Bon, drafti ni kitu gani?

Ni siku ya kugawana vijana. Kila mwaka ekipe zote za ligi kubwa ya Marekani zinachagua, moja kisha nyingine, wachezaji wenye wametoka sekondari ao universite za Marekani, Kanada na Puerto Rico. Kijana akichaguliwa na ekipe fulani, ni ile tu yenye iko na haki ya kuongea naye mkataba. Zingine zinakaa kando. Vijana wa Jamhuri ya Dominika ao Venezuela hawapitie pale, wao wanasaini kwa njia nyingine.

Drafti ya kwanza ilifanyika 1965. Mbele ya pale, kijana mwenye kipawa alikuwa anakwenda kwa mwenye kumwekea makuta mingi mezani, na tunajua ni nani alikuwa na mingi. Ndipo wakaweka utaratibu: ekipe yenye ilifanya vibaya inachagua mbele, bingwa anachagua nyuma. Siku hizi, tangu drafti ya 2023, zile zamu za kwanza kabisa zinapigiwa kura ya bahati kati ya ekipe zenye hazikufika hatua ya mwisho, juu kuko zenye zilishukiwa kupoteza kwa makusudi. Lakini wazo ni lile lile: mnyonge apewe nafasi ya kwanza kwenye sahani.

Sasa, namna gani ekipe ndogo inaweza kutumia siku hiyo? Mimi naona milango mine.

Mlango wa kwanza ni miaka ya bei ndogo. Hapa ndipo siri yote iko. Mchezaji akifika ligi kubwa, anafungwa na ekipe yake kwa miaka sita ya utumishi mbele ya kuwa huru kwenda anakotaka. Ile miaka ya kwanza, karibu mitatu, analipwa karibu na mshahara wa chini wa ligi, hata kama ni nyota. Kisha mshahara unaanza kupanda kwa njia ya wasuluhishi. Zito alichaguliwa wa 9 mwaka 1999. Mwaka 2002 alipata zawadi ya mrushaji bora wa ligi yake, na mshahara wake wa mwaka haukufika hata nusu milioni. Alipokuwa huru, mwisho wa 2006, San Francisco ilimpa milioni 126 kwa miaka saba. Mwangalie vizuri: miaka yake ya nguvu zaidi ilikuwa ile ya bei ndogo. Ekipe tajiri ilinunua jina. Oakland ilikuwa imekwisha kula mavuno.

Mlango wa pili ni kuongeza hesabu ya mbegu. Sisi watu wa agronomia tunajua: ukipanda mbegu kumi, usihesabu miti kumi. Drafti ni vile vile, tena mbaya zaidi. Donc ekipe ndogo haitafute kuwa na akili ya kutabiri kila kijana. Inatafuta zamu mingi. Mwisho wa 2001 Oakland ilipoteza Jason Giambi, Johnny Damon na Jason Isringhausen, wote wakaenda kwenye makuta. Lakini sheria ya wakati ule ilisema: ukinyang'anywa mchezaji mkubwa mwenye amekuwa huru, unapewa zamu za ziada kama fidia. Oakland ikafika drafti ya 2002 ikiwa na zamu saba katika duru ya kwanza na ile ya fidia yenye inafuata! Na mavuno? Nick Swisher, Joe Blanton na Mark Teahen walifanya kazi ndefu ligi kubwa. Jeremy Brown, yule mdakaji mnene mwenye alifanywa maarufu na kitabu, alicheza mechi tano tu. Wale wengine watatu hawakufika kabisa. Tatu kwa saba, na ile ilikuwa drafti nzuri.

Siku hizi sheria imeenda mbele. Tangu 2013 ekipe zenye ziko katika miji midogo ao zenye mapato kidogo zinapewa zamu za ziada, na ni zamu hizo tu zenye wanaruhusiwa kuuza ao kubadilisha na ekipe nyingine. Zamu za kawaida haziuzwe.

Mlango wa tatu ni kugawa makuta kwa akili. Tangu 2012 kila ekipe iko na mfuko wenye kipimo wa kusainisha vijana wa duru kumi za kwanza, na ukipita kipimo unaadhibiwa. Mfuko unahesabiwa kufuatana na zamu zako: kama uko na zamu za mbele, uko na mfuko mkubwa. Kumbe hapa maskini anakuwa tajiri kwa siku moja! Houston, yenye ilikuwa imefanya vibaya sana, ilikuwa ya kwanza kuchagua mwaka ule. Zamu ya kwanza ilikuwa imepangiwa dola milioni 7.2. Wao wakamchukua Carlos Correa, kijana wa Puerto Rico, akakubali milioni 4.8. Ile yenye ilibakia iliwasaidia kumpa milioni 2.5 Lance McCullers, mwenye alikuwa ameshuka mpaka zamu ya 41 juu ekipe zingine ziliogopa bei yake. Vijana wawili wa daraja la juu kwa mfuko mmoja. Wote wawili walikuwa ndani Houston ilipokuwa bingwa 2017. Ni kweli, ule ubingwa ulichafuka kisha, ilipojulikana kama walikuwa wanaiba ishara za wapinzani kwa kamera. Lakini hesabu ya drafti ilikuwa safi.

Mlango wa nne ni jicho. Watafuta vipaji wa zamani walipenda kijana mrefu, mwenye mbio, mwenye umbo la mwanaspoti. Oakland ikasema: sisi hatuuzi suruali za jeans. Ikaangalia wale wa universite wenye walikuwa na miaka mitatu ya namba zilizoandikwa, na zaidi wale wenye walijua kufika kwenye beisi ya kwanza kwa njia yoyote, hata kwa kuacha mipira mibaya ipite mpaka wapewe nafasi ya bure. Kitu hicho hakikuwa na bei sokoni, juu hakuna mtu anapiga makofi kwa mtu mwenye amesimama. Ni sawa na kuchagua mbegu kwa daftari la mavuno ya misimu iliyopita, hapana kwa urembo wa jani.

Shida ni moja: mlango wa nne haufungwe na kufuli. Kitabu cha Michael Lewis kilitoka 2003 na kila mtu akasoma. Boston, yenye iko na makuta, ilikuwa imekwisha kumpa kazi Bill James, baba wa hesabu za besiboli, mwisho wa 2002. Mwaka 2004 ikawa bingwa. Akili yenye tajiri anaweza kuiga si silaha ya kudumu ya maskini. Kwa hiyo mimi nasema: kitu chenye kinamsaidia maskini zaidi si ujanja. Ni ile miaka sita, na zamu mingi. Ni kusema, muda.

Na muda uko na bei yake. Tampa Bay ilianza kucheza 1998. Kwa misimu kumi ya kwanza, tisa ilimaliza ya mwisho katika kundi lake. Ilichagua, ikangoja. Carl Crawford 1999, James Shields katika duru ya 16 mwaka 2000, Evan Longoria 2006, David Price 2007. Mwaka 2008, na mishahara ya karibu milioni 44 mbele ya Yankees yenye ilipita milioni 200, ikachukua kundi na ikafika fainali. Miaka kumi ya kuchekwa, wandugu.

Tena kungoja hakutoi garanti. Houston ilimchagua Mark Appel wa kwanza kabisa mwaka 2013. Alifika ligi kubwa 2022, akiwa na ekipe nyingine. Pittsburgh ilimpata Paul Skenes 2023, mwaka uliofuata akawa mchezaji mpya bora wa ligi yake, na Pittsburgh ikamaliza ya mwisho katika kundi. Mti mmoja hauko shamba. Na Oakland yenyewe, pamoja na sifa zote, ubingwa wake wa mwisho ni wa 1989. Kisha msimu wa 2024 ekipe ikahama, mji ukabakia bila kitu. Kuko patroni wenye wanatumia neno « tunajenga na vijana » sawa kisingizio cha kutotoa makuta hata siku mavuno yamefika.

Hapa ndipo mambo yananigusa, na nafikiri yanawagusa ninyi pia wenye mumemaliza na munatafuta nafasi. Nani analipa usawa huu? Si Yankees. Ni yule kijana. Yeye hakuchagua ekipe. Hawezi kuongea bei na mwingine. Anakaa miaka katika ligi ndogo, kwenye basi usiku kucha, na kwa muda mrefu wengi wao walilipwa mshahara wa kuaibisha, mpaka walipoingia katika sendika 2022 na kupata mkataba wao wa kwanza wa pamoja 2023. Wengi wao hawafike ligi kubwa hata siku moja. Ekipe maskini inashindana na tajiri kwa kununua kazi ya kijana chini ya bei yake. Sisi wenye tumefanya staji bila malipo, huku patroni anasema « unapata uzoefu », tunaelewa vizuri sana.

Sisemi drafti ni mbaya. Bila hiyo, Tampa Bay haingeona fainali. Nasema tu tusiishie kwenye hadithi ya kompyuta na akili. Siku mtu atakuambia ekipe ndogo imeshinda kubwa kwa makuta kidogo, furahi naye, kisha muulize maswali mawili: walingoja miaka ngapi, na katika ile miaka, nani alikuwa analipwa kidogo?