Gesti ya baba: Urithi unaoweza kuwapeleka watoto mahakamani

Kwenye mapokezi ya gesti nyingi za Kariakoo kuna tangazo ukutani ambalo wageni wamelizoea hata hawalisomi: uongozi hautahusika na upotevu wa mali ya mgeni. Wenye gesti huliamini kama hirizi.

Mgeni wa Kariakoo kwa kawaida si mtalii. Ni mfanyabiashara wa Lubumbashi, Lusaka, Moroni au Songea aliyekuja kufunga mzigo, na mara nyingi fedha taslimu ziko chini ya mto. Akiamka hazipo, ataonyeshwa tangazo.

Tangazo hilo halina nguvu kubwa kiasi hicho. Tanganyika ilipokea kanuni za sheria ya kawaida ya Uingereza kama zilivyokuwa tarehe 22 Julai 1920, na mahakama huzirejea pale sheria ya nchi ilipo kimya. Huko, tangu kesi ya Calye ya mwaka 1584, mwenye nyumba ya wageni hubeba dhamana ya mali ya msafiri iliyomo ndani ya nyumba yake. Mwaka 1863 Bunge lao lilimpa nafuu: akibandika maneno ya sheria mahali pa wazi, hatalipa zaidi ya pauni 30, isipokuwa kwa farasi. Nafuu hiyo haikumfuata kwenye uzembe wake au wa wafanyakazi wake. Kitasa kibovu, funguo za akiba zinazoning'inia nyuma ya kaunta na mlinzi aliyesinzia ni uzembe, hata tangazo lingeandikwa kwa wino wa dhahabu.

Dawa yake ni rahisi: sanduku la chuma mapokezi na daftari. Mgeni ahesabu fedha mbele ya mhudumu, wote wawili wasaini.

Hata hivyo, wezi hawajavunja gesti nyingi kama kifo cha mwenyewe. Chukua mfano unaofahamika: baba alianza na nyumba ya Kiswahili, akaongeza ghorofa, leseni na namba ya mlipakodi vikawa kwa jina lake. Arobaini ikiisha, kaka mkubwa anakaa mapokezi na kupokea makusanyo. Hakuna aliyemchagua. Mjane anapewa ya matumizi. Dada walioolewa wakiuliza wanaambiwa siku hizi biashara ni ngumu. Siku maofisa wa kodi au halmashauri wanapofika, aliyesajiliwa yuko makaburini, na aliyeketi mapokezi hana mamlaka ya kusaini chochote.

Mwenye mamlaka ni msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa na mahakama. Akiteuliwa na Mahakama ya Mwanzo, ndani ya miezi minne, au muda atakaoongezewa, anatakiwa kuwasilisha Fomu Namba 5 inayoonyesha mali na madeni, pamoja na Fomu Namba 6 ya hesabu ya alivyopokea na alivyogawa. Kwa Dar es Salaam, pa kuulizia ni Kituo Jumuishi cha Masuala ya Familia, Temeke. Fedha za vyumba tangu siku ya msiba nazo ni mali ya mirathi. Si posho ya kaka. Mjane au dada anayeona hesabu hazitolewi ana haki ya kuiomba mahakama imwite msimamizi azieleze, na hata imwondoe.

Mhudumu wa usiku naye mara nyingi ni mpwa aliyeletwa kutoka kijijini, analala kwenye benchi na kupewa "ya soda". Udugu haumtoi kwenye Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004. Saa za kawaida ni 45 kwa wiki, saa za ziada hulipwa mara moja na nusu, na kazi ya kati ya saa 2 usiku na saa 12 asubuhi ina nyongeza ya asilimia 5. Akifukuzwa, ana siku 30 za kwenda Tume ya Usuluhishi na Uamuzi.

Kitabu cha wageni kina mtego wake. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, iliyoanza kutumika Mei 1, 2023, inamhusu pia mhudumu anayepiga picha kitambulisho cha mgeni na kuirusha kwenye kundi la WhatsApp. Mke anayekuja kuuliza kama mumewe amelala hapo hafunguliwi kitabu, hata akilia. Polisi wanaofuata utaratibu hufunguliwa.

Kisha kuna jengo lenyewe. Novemba 16, 2024, ghorofa liliporomoka Kariakoo na kuua zaidi ya watu 20. Baadaye watu waliotajwa kuwa wamiliki walifikishwa Mahakama ya Kisutu wakishtakiwa kwa kuua bila kukusudia. Gesti nyingi zimekaa juu ya fremu za maduka, na mpangaji wa chini hutaka kuvunja ukuta au kuchimba apate stoo. Huwa anajadiliana na yeyote aliyemkuta mapokezi. Kama ni kaka asiye na barua ya mahakama, bila mhandisi, bila kibali cha halmashauri, atapokea kodi ya mwaka mzima na kukubali, wakati juu vyumba vimejaa wageni waliolala.