KABLA YA KISIMA KUNA KARATASI



Hakuna mtu wa Sange anayehitaji kufundishwa kwamba mafuta ni kitu cha hatari. Ijumaa tarehe 2 mwezi wa saba, mwaka 2010, wakati wa jioni, kamyo ya esansi iliyotoka Tanzania ilianguka hapa kwetu, kwenye barabara ya Uvira na Bukavu. Esansi ikaanza kumwagika. Wengine walikimbia na bidoni na sufuria ili waichote. Wengine walikuwa wamejaa katika nyumba za kuonyeshea mupira, maana ilikuwa siku za Kombe la Dunia, nao hawakujua lolote. Kisha moto ukawaka. Zaidi ya watu 230 walikufa, wengi kati yao watoto, na tukawazika katika makaburi ya pamoja.

Tangu siku ile tumeuliza mengi. Lakini kuna ulizo moja ambalo kijana mmoja aliniuliza baada ya ibada, nami nikakosa jibu la mara moja. Alisema: "Pasta, shuleni wametufundisha kwamba Kongo iko na mafuta yake tangu zamani. Sasa namna gani esansi iliyotuunguza ilitoka Tanzania?"

Ni ulizo zuri. Jibu lake linapitia mbali, mpaka Muanda kwenye bahari, na linapitia pia katika habari ya kampuni moja ndogo iliyobadilisha kazi yake. Tuifuate habari hiyo, kwa sababu siku moja inaweza kufika mlangoni petu.

KAMPUNI ILIYOANZA NA MELI

Ni kweli, inchi yetu inatoa mafuta ya petroli tangu mwaka 1975, kule Muanda, mahali mto Kongo unapoingia baharini. Walioanza walikuwa wakubwa. Baharini ilikuwa Gulf ya Marekani, ambayo baadaye iliingia ndani ya Chevron. Inchi kavu ilikuwa Fina ya Ubelgiji.

Katika mwaka uleule wa 1975, mbali sana, huko Singapore, Mfaransa mmoja jina lake Hubert Perrodo alifungua kampuni ndogo. Haikuwa na kisima hata kimoja. Kazi yake ilikuwa kuhudumia meli za watu wa mafuta. Baadaye ikaingia katika kazi ya kutoboa visima, lakini visima vya watu wengine: unalipwa kwa kutoboa, na mafuta yakitoka si yako.

Hapo ndipo ilipogeuza njia. Ilianza kununua visima vyenyewe. Tena haikutafuta visima vipya. Ilitafuta visima vya zamani, vile ambavyo wakubwa walikuwa wamekwisha kuchoka navyo. Kampuni hiyo ndiyo Perenco. Ilinunua Gabon, ikanunua Kameruni, ikanunua Colombia. Mwaka 2000 iliingia Muanda, kwenye visima vya inchi kavu. Mwaka 2004 ilinunua na vile vya baharini kutoka kwa Chevron. Perrodo mwenyewe alikufa mwaka 2006 katika ajali ya mlimani, na jamaa yake ikaendelea na kazi. Basi kampuni iliyoanza kwa kuhudumia meli ikawa ndiyo inayotoa mafuta ya Kongo, na ni mali ya jamaa moja.

KWA NINI MKUBWA ANAUZA, MDOGO ANANUNUA?

Ninyi mnaokaa karibu na machimbo mtaelewa jambo hili upesi kuliko mtu wa mji. Mmeona namna PDG wa shimo anavyofanya. Mwanzoni dhahabu ni nyingi, anaweka watu wengi, anatumia pesa nyingi. Ikipungua, anahesabu na kuona kwamba matumizi yanamshinda. Anaondoka kwenda kutafuta shimo lingine. Nyuma yake wanakuja wengine wenye mikono michache na matumizi madogo. Wanaosha tena mchanga uliokwisha kuoshwa, nao wanapata.

Kisima cha mafuta ni hivyo hivyo. Miaka ya kwanza mafuta yanasukumwa na nguvu iliyo chini. Nguvu hiyo inapungua mwaka kwa mwaka, maji yanaongezeka ndani ya mafuta, na bomba zinazeeka. Kampuni kubwa yenye wakubwa wengi na maofisi mengi haioni tena faida. Kampuni ndogo inanunua kwa bei nafuu, inapunguza matumizi, inatengeneza pampu, na inaendelea kuvuta kwa miaka 20 au zaidi.

Kwa nafsi yake hii si zambi. Kununua kitu cha zamani na kukitumia vizuri ni akili. Lakini anayenunua kisima cha zamani ananunua pia bomba lililoshika kutu, tope lililomwagika zamani, na kisima ambacho siku moja kitapaswa kuzibwa kwa gharama kubwa. Pesa za kupunguza matumizi zitatoka wapi? Zikitoka katika kusafisha na kutengeneza, basi anayelipa ni mwanakijiji.

Hilo ndilo lawama la watu wa Muanda kwa miaka mingi. Wanasema mafuta yanamwagika katika mashamba na maji, moto wa gesi unawaka karibu na vijiji usiku na mchana, na samaki wamepungua. Kampuni imekana kwamba inafanya mabaya. Mwezi wa 11 mwaka 2022, mashirika mawili ya Ufaransa, Sherpa na Les Amis de la Terre, yalipeleka Perenco mbele ya tribinali ya Paris juu ya uharibifu wa Muanda. Sisi si waamuzi. Lakini tuangalie jambo moja: mwanakijiji wa Muanda, ili asikiwe, ilibidi sauti yake ivuke bahari.

Na ulizo la yule kijana? Muanda hutoa pipa zipatazo 20,000 au zaidi kwa siku. Pipa moja ni lita 159. Kwa hesabu hiyo ni lita zaidi ya milioni 3, kama kamyo kubwa 80 kila siku. Lakini yale ni mafuta mabichi, meusi na mazito, hayaingii katika pikipiki. Karakana ya kusafishia iliyojengwa Muanda katika miaka ya 1960 haikufanywa kwa mafuta mazito kama yale, nayo iliacha kusafisha zaidi ya miaka 20 iliyopita. Kwa hiyo mafuta yetu hupakiwa melini na kwenda ngambo. Kisha esansi ya wengine inashuka Dar es Salaam, inapanda kamyo, inavuka Tanzania na Burundi, na inafika kwa kadhafi wetu hapa kando ya barabara. Ndivyo inchi yenye mafuta inavyonunua esansi kwa bidoni.

WANAOUZA KARATASI TUPU

Perenco angalau inatoa mafuta. Kuna namna nyingine ya kampuni ndogo ambayo lazima tuijue, ile inayoshika karatasi tu.

Karatasi hiyo ni ruhusa ya leta ya kutafuta mafuta katika sehemu fulani inayoitwa bloki. Mafuta yaliyo chini ya udongo si ya mwenye shamba, ni ya leta. Mwenye karatasi anaweza kutafuta. Anaweza pia kuketi na kungoja bei ipande, kisha auze.

Tutazame jirani zetu wa Uganda. Kampuni ndogo inayoitwa Heritage iliingia kule kwenye Ziwa Albert mwaka 1997. Hii ilifanya kazi kweli, ilitoboa na mafuta yakaonekana. Mwaka 2010, kabla pipa moja halijauzwa sokoni, ilimwuzia mwenzake Tullow sehemu yake kwa dola bilioni 1 na milioni 450. Leta ya Uganda ikadai kodi ya dola milioni 434. Kampuni ikakataa. Waliburuzana mbele ya waamuzi kwa miaka, na mwaka 2013 tribinali ya London iliamuru Heritage imrudishie Tullow dola milioni 313 ambazo Tullow ilikuwa imelipa kwa ajili yake. Nayo Tullow ilikuja kuuza yote, sehemu ya mwisho ikaenda kwa Total mwaka 2020. Wakati huo mafuta yenyewe yalikuwa yangali chini ya udongo. Karatasi ilikuwa imetembea kuliko mafuta.

Upande wetu wa ziwa lile, mambo yalikuwa mabaya zaidi. Mwaka 2006 Kinshasa ilisaini na Tullow na Heritage kwa bloki mbili. Kisha ikawaacha. Mwezi wa sita mwaka 2010, majuma mawili tu kabla ya moto wa Sange, bloki hizo zilipewa kampuni mbili ambazo hakuna aliyezisikia: Caprikat na Foxwhelp. Ziliandikishwa katika visiwa vya Uingereza vya Virgin, mahali ambapo majina ya wenyewe hufichwa. Aliyeonekana mbele alikuwa mtoto wa ndugu ya rais wa Afrika Kusini wa wakati ule. Baadaye ikajulikana kwamba nyuma yake alikuwepo mfanyabiashara wa Israeli, Dan Gertler, ambaye Marekani ilimwekea vikwazo mwaka 2017. Mwezi wa pili mwaka 2022 leta ya Kongo ilifanya mapatano na kundi lake ili mali za madini na bloki za mafuta zirudi. Miaka 12 ilipita, na hapakutoka pipa hata moja la kuuza.

NA SISI WA TANGANYIKA?

Sasa tufike nyumbani. Watu walitafuta mafuta huku tangu zamani. Katika miaka ya 1980 kampuni ya Marekani Amoco ilitoboa katika bonde la Ruzizi, ng'ambo ya Burundi, wala haikupata mafuta ya biashara. Tarehe 28 mwezi wa saba mwaka 2022, leta yetu ilitangaza mnada wa bloki 27 za mafuta na 3 za gesi. Kati ya zile 27, bloki 11 zilikuwa za upande wa Tanganyika. Mwezi wa kumi mwaka 2024 mnada wa mafuta ulifutwa, kwa kuwa leta haikupata maombi ya kufaa.

Katika muda ule wa kungoja, maneno yalikuwa mengi. Niliwasikia vijana wakisema: "Tununue parsele mapema, bei itapanda." Niliwasikia wababa wakisema watauza shamba la mpunga ili mtoto asomee kazi ya petroli. Mnada ukafa, na aliyeuza shamba halikurudi.

Siwakatazi vijana kusoma kazi hiyo. Inchi inahitaji wenye kujua bomba na kisima, na pia wenye kujua hesabu na sheria. Kuna kazi nyingi kwa anayejua kusoma kontra kuliko kwa anayengoja kubeba mizigo. Lakini mtu asiuze kilicho mkononi kwa ajili ya karatasi ya mtu mwingine. Watoto wetu wa Ekodim wanajua habari ya Esau na chakula chake.

Tena ziwa letu si kisima cha Muanda. Lina kina cha meta 1,470, na ni la inchi nne. Maji yake yana mlango mmoja tu wa kutokea, mto Lukuga. Bahari inaweza kutawanya tope. Humu litazunguka na kubaki. Ndakala, mikeke na sangala ndizo ada ya shule na dawa za hospitali kwa jamaa nyingi kutoka Kavimvira mpaka Baraka. Mafuta yanaisha baada ya miaka 30 au 40. Ndakala haiishi, kama tukiitunza.

MAULIZO YA KUZUNGUMZA NYUMBANI

Kampuni ikifika siku moja, ndogo au kubwa, msikimbilie wala msiwatupie mawe. Waketisheni, wapeni maji ya kunywa, kisha wazee, wamama na vijana waulize pamoja:

1. Ninyi ni nani? Kampuni imeandikwa inchi gani, na wenye mali ni akina nani kwa majina?

2. Mbele ya leo mlifanya kazi wapi? Tunaweza kuwauliza watu wa kule?

3. Mmekuja kutoboa, au mmekuja kushika karatasi mpaka mwingine anunue? Mkiuza, ahadi mliyotupa inakwenda na nani?

4. Kodi ya kuuza itabaki wapi?

5. Bomba likipasuka, nani atasafisha, na pesa za kusafisha zimewekwa wapi tangu leo?

6. Maneno haya yako katika karatasi? Tupeni nakala, na muda wa kumtafuta avoka aisome.

Anayeogopa maulizo kama haya, mmekwisha kumjua.

Watu wetu wa mwaka 2010 walikimbilia mafuta yaliyomwagika kwa sababu bidoni moja ilikuwa chakula cha juma. Hatuwalaumu, tunawalilia. Lakini tukumbuke kwamba waliona esansi tu, hawakuuliza habari ya moto. Wakati mwingine mafuta hayatakuja kwa kamyo, yatakuja kwa karatasi na kalamu. Tutakuwa na nafasi ya kuuliza kwanza. Tusiipoteze.