Tope la Rufiji na Mirija Midogo ya Kaboni

Katika delta ya Rufiji, wilayani Kibiti, maji ya mto hufika yakiwa mazito kwa udongo. Yanapokutana na maji ya bahari, tope huanza kutua chini ya mikoko. Je, kwa nini chembe zilizoelea mtoni zizame hapo?

Chembe za udongo mfinyanzi zina chaji hasi, na chaji za namna moja husukumana. Hali kadhalika, molekuli zitokanazo na majani yaliyooza hujibandika juu ya chembe na kuziongezea chaji. Ioni za chumvi huifunika chaji hiyo. Chembe hushikana, huwa nzito, na kuzama. Wanafunzi waweza kuhakikisha jambo hili kwa kujaza maji ya tope katika chupa mbili na kutia chumvi katika moja. Yenye chumvi hutangulia kutakata.

Kanuni hiyo hutumika pia katika maabara kwa mirija ya kaboni, ambayo Sumio Iijima wa Japani aliieleza mwaka 1991. Kipenyo cha mrija chaweza kuwa nanometa 1, yaani sehemu moja ya milioni ya milimita. Mirija hii ni imara na yaweza kupitisha umeme, lakini haipatani na maji. Hushikamana kama njiti za ufagio. Ili kuitenganisha, wataalamu huitikisa kwa mawimbi ya sauti pamoja na molekuli za viumbe. Mwaka 2003 ilionyeshwa kwamba nyuzi za DNA hujizungusha juu ya mrija: upande mmoja hushika kaboni, na ule wenye chaji hasi huelekea majini. Asidi ya tanini nayo huitawanya. Kemikali za jamii ya tanini zimo kwa wingi katika magome ya mikoko, ambayo zamani yalisafirishwa ng'ambo kwa kazi ya kutengeneza ngozi.

Basi elimu hii ina pande mbili. Mirija iliyotawanyika vyema yafaa katika vifaa vya kupimia magonjwa. Lakini mirija itakayotupwa ovyo mtoni yaweza kuchukuliwa mbali na molekuli hizo hizo za mimea, kisha chumvi ikaitua deltani, katika matope wanamokulia kamba wanaowalisha wavuvi. Kwa hiyo taka za namna hiyo hazina budi kuzuiwa zinakotoka, kabla hazijafika majini.