Shingo ya Mbwa na Mkono wa Bwana Wake

Mtu anayeburutwa barabarani na mbwa wake aghalabu humhesabu mnyama huyo kuwa mkaidi, akaenda dukani kutafuta mkanda mkali zaidi wa kumtia adabu. Ilhali elimu ya hulka za wanyama, iliyokusanywa kwa subira tangu mwisho wa karne ya 19, inatufundisha kwamba mbwa avutaye kamba hana inda wala kiburi, bali anafanya kazi aliyoizoea na ambayo amekwisha kulipwa ujira wake mara nyingi. Mwendo wake wa asili ni mwepesi kuliko wetu. Pua yake, yenye vipokezi vya harufu vinavyokadiriwa kupita milioni 200, humwita kwenye kila nguzo na kila shina la mti. Naye akikaza shingo, sisi humfuata. Hatua moja tu tunayoipiga mbele hali kamba imekazwa ni malipo kamili kwake, maana amefika alikotaka kufika.

Kanuni hii iliandikwa mwaka 1898 na Mmarekani Edward Thorndike, aliyewafungia paka wenye njaa katika masanduku yenye kitanzi au komeo, akapima muda waliotumia kujitoa ili wakile chakula kilichowekwa nje. Mwanzoni walikwaruza na kurukaruka ovyo. Lakini kadiri walivyorudishwa sandukuni, ndivyo matendo yasiyo na faida yalivyopungua, na lile lililofungua mlango likabaki. Baadaye B. F. Skinner aliipanua elimu hiyo, na katika kitabu alichokitunga pamoja na Charles Ferster mwaka 1957 walibainisha jambo linalomhusu kila mwenye mbwa: tendo linalolipwa mara mojamoja, pasipo mpango unaotabirika, huwa gumu kung'oka kuliko tendo linalolipwa kila mara. Basi bwana anayesimama imara Jumatatu, kisha Jumanne akakubali kuvutwa kwa sababu ana haraka, hakuipunguza tabia ile hata chembe, bali ameizidishia mizizi.

Kabla ya kununua chochote, yafaa kwanza tuijue shingo yenyewe. Chini ya manyoya pana bomba la hewa, lililoshikiliwa wazi na pete za gegedu zisizotimiza duara, ambazo ncha zake zimeungwa kwa msuli na utando. Kando yake imelala tezi ya thairoidi, na hapo hapo hupita mishipa mikubwa ya damu iendayo kichwani na irudiyo, pamoja na neva zinazoshuka hadi moyoni na tumboni. Kwa mbwa wadogo kama Yorkshire Terrier, Pomeranian na Chihuahua, gegedu hizo huweza kudhoofika hata bomba likabonyea, na mnyama akashikwa na kikohozi kikavu kila anapovuta. Utafiti wa mwaka 2006 uliofanywa kwa mbwa 26 ulionyesha kwamba shinikizo ndani ya jicho hupanda mbwa anapovuta kwa mkanda wa shingoni, lakini halipandi hivyo anapovuta kwa mkanda wa kifuani. Na mwaka 2020 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Nottingham Trent, Uingereza, walipojaribu aina mbalimbali za mikanda juu ya kielelezo cha shingo, hawakuona hata mmoja ambao shinikizo lake lilikuwa dogo kiasi cha kuiepusha shingo na hatari wakati wa kuvuta au kukutuliwa.

Ama mikanda yenyewe, iko ya namna nyingi. Ule bapa wa ngozi au nailoni, wenye upana wa kutosha na nafasi ya vidole viwili kupita chini yake, hufaa kumtambulisha mbwa na kumwongoza yule aliyekwisha kufundishwa. Mbwa wa mbio na wa kuwinda, kama greyhound na yule saluki apendwaye na Waarabu, ambao kichwa chao ni chembamba kwa kulinganishwa na shingo, hufaliwa na mkanda wenye kitanzi cha pili kinachokaza kwa kiasi, ukafikia kikomo bila ya kukaba. Baada ya hiyo ndipo huja mnyororo wa kukaba, mkanda wa meno ya chuma, na mkanda wa umeme, ambayo yote mitatu asili ya nguvu yake ni moja, nayo ni maumivu au hofu ya maumivu. Njia ya kukutua na kuadhibu ilienezwa na afisa Mjerumani Konrad Most, aliyetoa kitabu cha mafunzo mwaka 1910, na mbwa wengi wa polisi na wa jeshi walifundishwa hivyo kwa miaka mingi.

Hakuna insafu kusema kwamba maumivu hayafundishi kitu, kwa maana yanafundisha. Swali ni yanafundisha nini, na kwa gharama gani. Mwaka 2020 Ana Catarina Vieira de Castro na wenzake huko Porto, Ureno, waliwachunguza mbwa 92 kutoka shule zenye njia tofauti, wakaona kwamba wale wa shule za kuadhibu walionyesha dalili nyingi zaidi za dhiki, na homoni ya kotisoli iliongezeka katika mate yao baada ya somo. Kisha wakafanya jaribio la busara: mbwa alifundishwa kwamba bakuli likiwekwa upande mmoja lina chakula, na likiwekwa upande wa pili ni tupu, halafu likawekwa katikati. Wale walioadhibiwa sana waliliendea polepole zaidi, kana kwamba walikuwa wamepunguza matumaini ya kukuta kheri. Mwaka huo huo wataalamu wa Chuo Kikuu cha Lincoln, Uingereza, walilinganisha mafunzo ya mbwa 63, na mkanda wa umeme haukuyashinda mafunzo ya tuzo. Nchi ya Wales ilikuwa imeupiga marufuku tangu mwaka 2010.

Anayeanza kumfundisha mbwa mwenye nguvu atafaidika na mkanda wa kifuani wenye pete mbele, penye mfupa wa kidari, kwa kuwa mbwa akivuta, kamba humgeuza ubavu badala ya kumwachia aegemee kwa kifua chake chote. Iko pia hatamu ya usoni, ipitayo juu ya pua, lakini hiyo yataka mnyama azoezwe taratibu kwa siku kadhaa, wala isikutuliwe kamwe, kwa sababu hupindua kichwa na shingo. Kamba iwe ya mita moja na nusu hadi mbili. Zile zinazojivuta zenyewe ndani ya kasha hazifai kwa somo hili, kwani hukaza daima na kumzoesha mbwa kwamba mvuto ndio hali ya kawaida ya kutembea.

Somo lenyewe lianzie uani, pasipo kelele wala mbwa wengine. Mfundishaji atie mfukoni vipande vya ini lililochemshwa, visivyozidi punje ya harage, amweke mbwa upande wa kushoto, apige hatua moja. Na mara tu anapoona kamba inaning'inia na kichwa kiko karibu na goti lake, aseme neno moja la sifa, ampe kipande papo hapo kwenye mshono wa suruali, mahali anapotaka kichwa kile kizoee kuwa. Tuzo isikawie zaidi ya sekunde moja au mbili, kwa maana ikikawia mbwa ataihesabu kuwa malipo ya jambo jingine alilolifanya baadaye. Kamba ikikaza, asimame. Asikutue, asikaripie, asirudie kuita jina. Mbwa atakaza, atatazama mbele, pengine atalia. Mwisho atageuza shingo au kurudi nusu hatua, kamba italegea, na hapo hapo apate sifa na safari iendelee. Siku za mwanzo huenda wasilifikie lango. Wakishaendelea, ruhusa ya kwenda kunusa shina la mti iwe nayo ni tuzo, tena tuzo kubwa kwa mnyama wa pua.

Atakayeshuku kwamba upole huzaa kazi ya uhakika, na autazame Morogoro, ambako shirika la APOPO, kwa ushirikiano na Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, huwafundisha panya buku kunusa mabomu ya ardhini. Panya huvishwa mkanda kifuani, ukafungwa kwenye kamba. Akiitambua harufu ya baruti husikia mlio mfupi wa kidude cha mkononi, kisha hupewa chakula. Mmoja wao, Magawa, alikwenda Kambodia kufanya kazi hiyo, na mwaka 2020 akatunukiwa medali ya dhahabu na shirika la PDSA la Uingereza. Ikiwa kiumbe asiyezidi kilo mbili aweza kuaminiwa na roho za watu bila ya kupigwa hata mara moja, seuze mbwa, aliyeishi na mwanadamu kwa maelfu ya miaka?

Hata katika Kurani, Sura ya Al-Maida, windo lililohalalishwa ni lile la mnyama aliyefundishwa. Elimu imempa mnyama huyo daraja asiyokuwa nayo mwenzake. Kumpa mbwa daraja hiyo ni wajibu wa yule aliyejitwalia kumfuga, nayo hainunuliwi dukani pamoja na mkanda. Mwenye fedha kidogo na anunue mkanda wa kifuani ulio imara, abakize akiba ya ini na ya dakika 10 kila siku, na awaagize watoto na mlinzi wa nyumba washike kaida ile ile anayoishika yeye, kwa sababu mbwa mmoja aliyeshikwa na mikono minne yenye sheria nne hatajua aitii ipi.