Tupime Lita, Tusihesabu Taa

Magari mengi yanayoshushwa bandarini mwetu kutoka Japani yana taa ndogo ya kijani kwenye dashibodi, nayo imeandikwa ECO. Taa hiyo ikiwaka dereva huona fahari, na abiria aliye pembeni yake huambiwa kwamba gari hili halili mafuta. Maneno hayo tumeyasikia katika teksi, katika daladala, na hata kwa madereva wa ofisi za umma. Ni maneno ya kupendeza, lakini tunaona yafaa yachunguzwe. Visiwa vyetu havina kisima cha mafuta wala kiwanda cha kuyasafisha. Kila lita inayochomwa hapa imevuka bahari, na imelipiwa kwa fedha za kigeni.

Anayetaka kujua thamani ya dawa humtazama mgonjwa aliyezidiwa. Basi katika jambo hili la kubana mafuta kwa mitambo, hatuna budi kulitazama gari ambalo kwa asili yake halikuumbwa kubana kitu, nalo ni gari la spoti. Kwa zaidi ya miaka 40 watengenezaji wa Marekani na Ulaya wamekuwa wakitafuta njia ya kulifanya gari hilo lile kidogo bila ya kulipunguzia nguvu. Njia waliyoitegemea sana ni ya kuzilaza baadhi ya silinda za injini wakati gari liko safarini. Kisa chake kina mafunzo kwetu sote, na zaidi kwa wale waliokabidhiwa magari ya umma.

Kwanza tueleze kazi yenyewe. Injini ya petroli huongozwa kwa hewa. Dereva akikanyaga mafuta, kwa hakika anafungua kifuniko kinachoruhusu hewa kuingia katika silinda, na petroli hufuata kwa kipimo. Akiachia, kifuniko hujifunga karibu kabisa, na pistoni hulazimika kuvuta hewa kupitia upenyo mwembamba, mfano wa mtu avutaye pumzi kupitia kitambaa kizito. Kazi hiyo ya kuvuta hula petroli bila ya kulisogeza gari hata hatua moja. Injini kubwa ndiyo inayotaabika zaidi. Gari linalokwenda kilomita 90 kwa saa katika barabara tambarare halihitaji zaidi ya nguvu za farasi 30 hivi, ilhali gari la spoti hubeba nguvu za farasi 400, 500, hata 700. Silinda zote hushiriki kazi ambayo chache tu zingeiweza, kila moja ikifanya kidogo na kuvuta pumzi kwa shida.

Dawa iliyobuniwa ni hii. Vali za kuingizia hewa na za kutolea moshi katika silinda zilizochaguliwa hufungwa zote, na petroli haipelekwi huko. Pistoni haisimami. Huendelea kupanda na kushuka, lakini hewa iliyofungiwa ndani hubanwa na kutanuka kama springi, ikirudisha sehemu kubwa ya nguvu iliyopokea. Silinda zilizobaki macho hubeba mzigo wote, kifuniko cha hewa hufunguka zaidi, na ile taabu ya kuvuta pumzi hupungua. Dereva akikanyaga kwa nguvu, zilizolala huamka mara moja.

Fikra hii si ya jana. Mwezi Oktoba 1973 nchi za Kiarabu zilizuia mafuta yao yasiende Marekani, na katika miezi michache bei ya pipa ikapanda kutoka dola 3 hivi hadi karibu dola 12. Nchi zetu changa zisizo na mafuta ziliumia bila ya kuwa na kosa. Huko Marekani kwenyewe, mwaka 1975 ilitungwa sheria iliyowalazimisha watengenezaji wafikie wastani maalumu wa matumizi: maili 18 kwa galoni kwa magari ya mwaka 1978, yaani kiasi cha kilomita 7.7 kwa lita, na maili 27.5 ifikapo 1985, yaani kilomita 11.7. Mwaka 1978 iliongezwa kodi maalumu kwa magari madogo ya abiria yanayokula mafuta kupita kiasi.

Ni chini ya sheria hizo ndipo kampuni ya Cadillac ilipotoa, kwa mwaka 1981, injini ya lita 6 iliyoweza kutumia silinda 8, 6 au 4. Lilikuwa gari la starehe, si la spoti, lakini ndilo lililofungua njia. Kwa bahati mbaya kompyuta ya wakati ule ilikuwa nzito wa kufikiri. Gari lilishtuka-shtuka kila silinda zilipolala au kuamka, na wenyewe wakachoka. Wengi waliwaambia mafundi wakate waya, injini ibaki na silinda zake 8 siku zote. Ikawa hivyo, na injini ile ile ikaenda vizuri bila ya kubana chochote. Baada ya mwaka mmoja kampuni iliondoa mtambo huo katika magari yake mengi.

Hapa ndipo penye fundisho la kwanza. Kuboresha mtambo ni jambo linalowezekana, na kweli uliboreshwa. Lakini mkono uliokata waya haukuwa wa mtambo. Ulikuwa wa binadamu aliyepewa akiba asiyoitaka, kwa namna iliyomkera.

Tulitazame sasa gari la spoti lenyewe. Mwaka 1989 Corvette, gari mashuhuri la Marekani, lilipewa gia za mkono 6 zenye kifaa cha ajabu: dereva akiondoka polepole, kifaa kilimzuia kuingiza gia ya pili, kikampeleka kutoka ya kwanza hadi ya nne. Shabaha ilikuwa gari lipate kipimo kizuri katika majaribio ya serikali. Madereva wengi walikichukia, na haukupita muda vikauzwa vijidude vya kukizima.

Kwa mwaka 2014 Corvette jipya lilitoka na injini ya lita 6.2, silinda 8, nguvu za farasi 455, na kwa mara ya kwanza likawa na uwezo wa kulaza silinda 4. Safari hii kompyuta ilikuwa nyepesi na mshtuko ulikuwa mdogo. Lakini katika gari la gia za mkono, silinda zililala tu pale dereva mwenyewe alipogeuza swichi na kuchagua hali ya kubana matumizi. Asipoigeuza, 8 zote zilikesha. Kipimo rasmi cha barabara kuu kilikuwa maili 29 kwa galoni, na kipimo hicho kilikuwa wastani wa hali mbili: 30 kwa aliyegeuza swichi na 28 kwa asiyeigeuza. Kwa hesabu yetu ni kilomita 12.8 kwa lita kwa wa kwanza, na 11.9 kwa wa pili. Yule ambaye hakuigusa swichi hata siku moja aliuziwa gari lenye sifa ambayo nusu yake ilitokana na kitendo asichokitenda.

Wataliano nao hawakubaki nyuma. Mwishoni mwa 2012 Lamborghini waliliongezea gari lao la Aventador, lenye silinda 12 na nguvu za farasi 700, uwezo wa kuzima silinda 6 linapokwenda chini ya kilomita 135 kwa saa bila ya mzigo mkubwa. Kampuni ilieleza kwamba katika mwendo wa kilomita 130 mafuta yalipungua kwa asilimia 20 hivi. Hilo ni jambo kubwa, na hatuna sababu ya kulidharau. Lakini kipimo cha jumla kilishuka kutoka lita 17.2 hadi lita 16 kwa kila kilomita 100, na lita 16 zinatosha kuliendesha gari dogo la kawaida mara mbili ya safari hiyo. Israfu iliyopunguzwa asilimia 7 ingali ni israfu.

Hatusemi haya kwa kuwahusudu wenye magari hayo. Tunasema kwa sababu faida ya mitambo hiyo ina mahali pake. Silinda hulala vizuri pale gari linapokwenda mwendo mmoja, kwa muda mrefu, katika barabara iliyonyooka. Mjini, penye kusimama na kuondoka, hupata nafasi ndogo tu ya kulala. Unguja yote haifiki kilomita 100 kwa urefu, na njia zetu zina mashimo, matuta, kona, baiskeli na watoto watokao skuli. Anayenunua injini kubwa kwa hoja ya kwamba nusu yake italala, ajiulize italala wapi.

Na ile taa ya kijani tuliyoanza nayo? Katika magari madogo mengi yaliyopo hapa, taa hiyo hailazi silinda yoyote. Ni shahidi tu, anayesema kwamba wakati huu dereva anakanyaga kwa upole. Penye kitufe cha ECO, aghalabu kazi yake ni kukifanya kikanyagio cha mafuta kiwe kizito wa kuitikia na kupunguza nguvu za kipoza hewa. Dereva mwenye pupa hukanyaga zaidi ili aipate ile kasi aliyoizoea, na akiba ikayeyuka huku kitufe kimebonyezwa.

Fundisho la pili ni la sheria. Wamarekani hawakuanza kubana kwa hiari. Walibanwa na kipimo, kodi na faini. Hata hivyo baadhi ya watengenezaji wa magari ya kifahari wa Ulaya waliona nafuu kulipa faini kuliko kubadili injini. Na mwezi Julai 2025 Marekani ilitunga sheria iliyoishusha faini hiyo ya wastani hadi sifuri. Kipimo kimebaki katika vitabu, lakini hakina meno. Kipimo kisicho na wa kukisimamia ni sawa na ile swichi isiyogeuzwa.

Kwa hiyo tunawashauri wakuu wa idara, na tunawashauri kwa heshima, wasiridhike kuambiwa kwamba magari waliyoagiza ni ya kubana mafuta. Waulize: gari hili lilikwenda kilomita ngapi mwezi uliopita, na lilijazwa lita ngapi? Hesabu hiyo haihitaji kompyuta. Inahitaji daftari, kalamu, na mtu asiyeona haya kumwuliza mkubwa wake. Gari lililokuwa likipata kilomita 10 kwa lita likianza kupata 6, ama lina ugonjwa wa kutibiwa na fundi, ama lina safari zisizoandikwa. Yote mawili yataonekana katika daftari, na hakuna hata moja litakaloonekana katika taa.

Kwa ndugu zetu madereva, ushauri ni ule wa siku zote: matairi yajazwe upepo sawasawa, injini isiachwe ikinguruma nje ya ofisi ili bwana mkubwa akute ubaridi, na mguu ukanyage kwa utaratibu.

Wazee wetu wa pwani walikwisha kusema kwamba mali bila ya daftari hupotea bila ya habari. Mafuta ya umma ni mali, na daftari lake lifunguliwe.